Sauti Chini ya Kanisa

Haya alinisimulia Marleen, ninayefanya naye kazi Utrecht. Kiangazi kile yeye na mumewe Wouter walizunguka Ulaya. Paris walicheza dansi barabarani. Kufika Italia, hata ramani iliwagombanisha. Mchana mmoja Wouter alisahau kamera kwenye pango chini ya kanisa.

"Kaifuate mwenyewe, bwege we!" Marleen alifoka, lakini akashuka naye. Ghafla taa zikazimika. Likabaki giza totoro na maji yakidondoka.

"Wouter, uko wapi?"

"Niko hapa, mpenzi," sauti ya mumewe ikajibu kutoka ndani kabisa ya pango.

Papo hapo mkono ukamziba mdomo kwa nyuma, na sauti ileile ikamnong'oneza sikioni:

"Usiijibu. Mimi imeshaniita mara mbili, kwa sauti yako."