Mahindi Mabichi ya Wamalwa

Likizo ya Agosti, kazi ya Nanyama kila asubuhi ilikuwa kuchuma majani ya maboga katikati ya mahindi, kwao Tongaren. Siku moja alimkuta mtu shambani akihesabu mistari ya mahindi kwa kidole. Alikuwa Hesbon, broka wa kununua mahindi kutoka Kitale.

"Habari ya asubuhi. Unahesabu nini?" Nanyama aliuliza.

"Mahindi yangu, dada. Si babako amekuambia?"

Nanyama alirudi nyumbani mbio. Baba yake, Wamalwa, alikuwa akipasua kuni.

"Baba, unauza mahindi na bado hayajakauka?"

"Wangila anatahiriwa wiki ijayo. Wageni watakula nini? Upepo?"

"Na sisi tutakula nini mwezi wa nne?"

Kaka yake Wangila, aliyekuwa akijaribu njuga zake, aliruka. "Ati nitahiriwe kwa uji mtupu? Watu watanicheka bana!"

Nanyama aliikumbuka Aprili iliyopita. Mahindi yalikuwa yameuzwa mabichi vivyo hivyo, na ghala lilikuwa tupu. Yeye na mama yake walipalilia mashamba ya watu ili wapate gorogoro moja ya mahindi, ule mkebe wa kilo mbili, na shule zilipofunguliwa yeye akakosa wiki tatu za kwanza. Aliporudi, wenzake walikuwa wamefika kwenye desimali, na yeye hakujua nukta inawekwa wapi.

Shangazi Fridah, aliyekuja kutoka mtaa wa Kipsongo, Kitale, kusaidia sherehe, alikuwa amesikia yote. Aliweka sufuria chini.

"Ndugu yangu, mimi kazi yangu ni kuchagua mahindi kwa stoo ya mfanyabiashara pale Kitale. Unajua mwezi wa nne ni nani hupanga foleni kununua? Watu wa Tongaren! Wanakuja kununua mahindi waliyouza wenyewe, kwa bei mara mbili."

"Fridah, watu watasema mimi ni mchoyo."

"Watasema siku mbili, kisha waende kwao. Huyu mtoto atakaa nyumbani wiki ngapi tena?"

Wamalwa alimtazama binti yake. Alishika shoka kama anayetaka kuendelea na kuni, halafu akaliacha na kwenda shambani. Hesbon alikuwa ameshatoa pesa mfukoni.

"Rudisha hizo. Mahindi siuzi," Wamalwa alisema.

"Mzee, tulikubaliana!"

"Tuliongea tu. Sijashika shilingi yako."

Sherehe ilikuwa ya jamaa wa karibu. Walikula jogoo wawili na maharagwe, na kila shangazi alileta kikapu chake. Wangila alinuna siku mbili, lakini asubuhi ya kisu alisimama imara bila kupepesa jicho. Ni hilo watu walilolizungumzia hadi Kanduyi. Nyama ya ng'ombe iliyokosekana hakuna aliyeitaja.

Desemba walivuna, wakaanika mahindi hadi yakalia kama kokoto, wakayafunga kwenye magunia yasiyopitisha hewa ili wadudu wasiyatoboe. Aprili ilipofika walikuwa na chakula, na magunia sita ya kuuza kwa bei nzuri.

Jumatatu shule zilipofunguliwa mwisho wa mwezi huo, Nanyama alikuwa akifunga kamba za viatu aende shule. Baba yake alisimama mlangoni.

"Nilikuwa nikilaumu udongo," alisema. "Nikalaumu mvua, nikalaumu serikali. Mengine ni kweli. Lakini shamba lilikuwa likitupatia chakula kila mwaka, na mimi niliuza mahindi yake kabla halijamaliza kutoa, ili nisifiwe siku moja. Mtu akitaka kuupunguza umaskini, aanze kwa kuangalia anachokiharakisha. Haya nenda, kengele isikupite."