Mfuko wa Uvundo

Siku ile minyoo waligoma kuinua vichwa, na Coralie akajua papo hapo kwamba mambo si shwari.

Maji yalikuwa yamekupwa, ghuba nzima mchanga mtupu unaong'aa mpaka macho yanauma. Alikuwa akiburuta mfuko wa neti uliojaa vichwa vya samaki vilivyooza, kama alivyowaonyesha wageni wote waliokuja kisiwani kuvua na kulala kwenye mahema. Mnyoo akisikia uvundo hutoa kichwa, unambana kwa vidole, unamvuta taratibu, chambo umepata. Leo, wapi! Hata shakwe hawakushuka.

"Tuache," alisema. "Kuna kitu huko chini kimewatisha."

"Kitu gani, dada? Nyangumi?" Trent, mgeni pekee wa safari ile, alikuwa amenuna tangu asubuhi. "Nimekuja kuvua, sikuja kusikiliza hadithi za bibi."

"Kuvua unakujua?" Neville, mume wa Coralie, alidakia akiwa ameketi juu ya ndoo, kifundo cha mguu kimemvimba kama kiazi. "Tangu jana umenasa kofia yako tu."

Trent akaiva uso. Akageuka, akaukodolea macho ule mfuko wa uvundo.

Coralie hakuwahi kupanda kambini na ule mfuko. Mama yake alimkanya tangu utotoni: ukimaliza, ingia majini mpaka kiunoni, osha mfuko, osha na miguu, harufu ikatike. Wanaofuata uvundo si minyoo peke yao. Chini ya mchanga liko jini lisilo na macho. Hufuata mstari ulioburutwa, na pale mstari unapoishia ndipo linapokula. Alimweleza Trent haya yote waziwazi, akaufunga mfuko kwenye nguzo ndani ya maji, akamlaza mumewe hemani na vidonge vyake vya maumivu, kisha akaenda kuokota kuni.

Aliporudi, jua lingali juu, aliona mfereji mpya mchangani. Ulitoka majini ukapanda moja kwa moja hadi kwenye hema la Neville. Mfuko ulikuwa umelazwa mlangoni.

"Jini lako likija," Trent alipaza sauti kutoka hemani kwake, bia mkononi, "liambie bingwa wa matani amelala humo!"

"Mpumbavu wewe! Unajua ulichofanya?"

Yeye akacheka tu.

Ndipo ikaja harufu, si ya samaki, bali ya kitu kilichofungiwa muda mrefu mahali pasipo hewa, na pamoja nayo sauti, fyoo, fyoo, kama mtu anayefyonza mifupa, na Coralie akaona mchanga kule chini ukiinuka na kushuka, ukiinuka na kushuka, ukiufuata ule mfereji bila kukosea hata mahali ulipopinda, huku mashimo ya kaa yakijifunga moja baada ya jingine mbele yake.

"Nev," alinong'ona, akimtikisa. "Nev, amka, nakuomba."

"Mmh... niache, mama."

Alimvuta mikono, jitu zima lile halikusogea. Fyoo. Akaunyakua mfuko, akauburuta kutoka pale mlangoni. Majini hakuweza kurudi, maana lenyewe lilikuwa linatokea huko. Vichaka vilikuwa upande wa kushoto, hatua chache tu. Tusidanganyane: aliviona. Akageuka kulia, akauburuta hadi kwenye hema la Trent, akautupa ndani, akakimbia.

"Ebo! Una wazimu?" Trent alianza kucheka tena. Kicheko kikakatika katikati. Hema likalala chini polepole, na lilipotulia hapakuwa na mtu ndani yake, wala shimo.

Polisi walisema ni maji yamemchukua. Neville hakuridhika.

"Ule mfuko uliupeleka wapi, Cora?"

"Vichakani."

"Kweli?"

"Kweli, mume wangu. Yeye alikimbilia baharini mwenyewe, kwa woga."

Mwaka mzima alitafuta visingizio vya kutorudi ufuoni pale, lakini Neville, mguu umepona, alichoka kukaa nyumbani. "Kama lilikula uvundo vichakani likashiba, sisi tunaogopa nini?" alisema, na Coralie, akiogopa kufungua lile alilolificha, akafunga mizigo.

Siku waliyorudi, minyoo waliitika. Neville aliburuta mfuko huku akipiga mluzi, vichwa vinachomoza kila upande.

"Njoo umwone huyu alivyonona!"

Coralie alisogea. Kilikuwa kimesimama peke yake mchangani, cheupe, kimevimba, kikijikunja na kujikunjua kwa uvundo. Juu yake palikuwa na ukucha wa mtu.

"Nev, usikiguse! Nilikudanganya, ule mfuko nilimpelekea Trent. Mwachie!"

Neville alikuwa ameshainama, mkono umezama mpaka kifundo. Aliinua uso, hauna hata tone la damu.

"Nimeshamwachia, Cora. Yeye ndiye hajaniachia."