Mwiko wa Pili kwenye Boma la Penwern

Asubuhi ile Eirlys alikuta sehemu yake ya kuchimba imeshakwanguliwa. Udongo ulikuwa safi kama meza iliyofutwa, ila mikwaruzo ya mwiko wa kuchimbia ilielekea baharini, ikakomea pale genge lilipomegeka.

Wachimba mambo ya kale hukwangua wakirudi kinyumenyume kwa magoti, wasije wakakanyaga walipokwisha safisha. Na kwenye boma la udongo la Penwern, linaloliwa na bahari kila dhoruba, lazima mgongo uelekee nchi kavu, ili kila ukirudi nyuma uwe unaliacha genge. Idwal, mume wa Eirlys, ndiye aliyewafundisha wote hivyo. Mwaka jana alianguka huko chini yeye mwenyewe, mwiko mkononi.

"Shemeji, ulikuja hapa alfajiri?" Eirlys alimuuliza Tudur, mdogo wa marehemu.

"Mimi na alfajiri wapi na wapi? Hata chai sijaionja." Tudur akacheka, akaiona ile mikwaruzo, kicheko kikamkauka. "Ngoja nikalete mbao tuzibe huo ukingo."

Alipokwenda garini, ukungu ukashuka. Eirlys akapiga magoti, akaendelea na kazi. Tangu msiba, watu walimpa pole wakiwa wamesimama mlangoni, kisha wakaenda zao. Upweke ulikuwa umemla mpaka mifupa. Basi aliposikia mwiko wa pili ukikwangua kando yake, kru, kru, hakukimbia, alikwenda nao sambamba, ukirudi naye akirudi, ukigeuka naye akigeuka bila kujua, harufu ya mwani uliooza ikimpanda puani, na sauti ya Idwal ikimbembeleza, "Rudi kidogo, Eirlys, kidogo tu, bado kidogo," mpaka kiatu chake kikakosa ardhi.

Tudur alimdaka kwa ukosi wa koti.

Wakalifukia shimo siku ileile. Eirlys alikuwa akilia, koleo mkononi.

"Nilijua si yeye, shemeji. Idwal hakuniita Eirlys hata siku moja. Aliniita Bibi Matope, tangu uchumba wetu."

"Nyamaza!" Tudur alinong'ona, akitazama ule udongo. "Usiyaseme hapa."

Jioni Eirlys alikuwa jikoni, peke yake, akipaka mkate siagi. Kitu kikakwangua mlango kwa nje. Kru, kru. Harufu ya mwani ikapenya chini ya kizingiti.

"Bibi Matope," sauti ikasema. "Nifungulie, huku baridi."

Eirlys alijua kabisa sauti ile imelisikia wapi jina hilo. Alijua, akalia, na bado mkono wake ukaenda kwenye komeo.