Vikonyo vya Mkorosho wa Babu

Kila asubuhi Hafidha aliianza siku juu ya baiskeli. Kisimani alikwenda nayo, akarudi na madumu mawili nyuma kwenye keria. Shambani kuokota korosho alikwenda nayo, akarudi na kiroba. Tangu amalize mtihani wa darasa la saba hakuwa na shughuli nyingine, na wenzake pale Mkotokuyana walimtania kwamba hata usingizini miguu yake inapiga pedali. Hafidha alikuwa anacheka tu. Hakujua kwamba mwezi huohuo wa kumi na moja baiskeli itamtokea puani.

Jumatano moja babu yake, Mzee Swalehe, alimwita nyuma ya nyumba. Hapo palikuwa na mkorosho mmoja ambao korosho zake zilikuwa nene, na kila mwaka ulizaa bila kugoma. Tangu siku kumi nyuma babu alikuwa ameyakata majani ya matawi madogomadogo ya mti huo, akaziacha ncha peke yake zivimbe. Matawi hayo ndiyo huitwa vikonyo. Fundi hukichukua kikonyo cha mti mzuri, akakiunga juu ya mche mchanga, akakifunga kwa nailoni. Kazi hiyo ni kubebesha. Mche uliobebeshwa hukua ukazaa kama mti kilikotoka kikonyo.

"Shangazi yako ananisubiri," babu alisema. "Baba yako yuko Kilimarondo analinda shamba lisiliwe na tembo. Mimi goti hili linaniumiza. Umebaki wewe, bibi yangu."

"Kwa nini usimpe mtu wa bodaboda, babu?"

"Mwaka jana nilimpa. Akavifunga juu ya ekzosi. Vilifika vimeiva, unaweza kuvila na ugali."

Hafidha alicheka, lakini alijua jambo lenyewe si la kucheka. Shangazi Mwanabibi aliishi Mbekenyera, mbele kabisa ya mji wa Ruangwa. Moto wa porini ulikuwa umeiteketeza mikorosho yake yote, na sasa alikuwa amekuza miche mia moja na ishirini kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vyenye udongo. Miche ilikuwa imefikia unene wa penseli. Ikizidi hapo inakuwa migumu na haiungiki tena. Fundi alitarajiwa Ijumaa.

Alhamisi alfajiri babu alikata vikonyo mia moja na ishirini, vilivyozidi akaviacha mtini. Akavizungushia magome ya mgomba, halafu kitambaa chenye maji, halafu gunia. Akaufunga mzigo kwenye keria, akamkabidhi Hafidha dumu la lita tano.

"Kitambaa kikianza kukauka, kilowanishe. Kitambaa kwanza, koo lako baadaye. Ukiona bomba, simama. Na ukipumzika, mzigo ukae kivulini. Umenisikia?"

"Nimekusikia, babu."

Alisikia kweli, na mpaka Nachingwea mjini alifanya kila alichoambiwa. Lakini baada ya mji vilima vikaanza. Kilima cha kwanza alikipanda amekaa kwenye kiti. Cha pili alikipanda amesimama juu ya pedali. Cha tatu alishuka akaisukuma baiskeli, na kuanzia hapo akaacha kuhesabu. Ukifika juu unaona kingine kinakungoja upande wa pili, na mteremko ulioupata kwa jasho unaisha kabla hujapata pumzi. Malori yalipita yakamwachia vumbi mdomoni. Mapaja yaliwaka moto, viganja vikavimba kwa kubana mpini.

Alipita kijiji chenye bomba. Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu, na Hafidha alijua akishuka hapo hatapanda tena. Akajisemea kwamba litakuja bomba jingine. Halikuja. Jua lilipokuwa utosini dumu lilikuwa na maji kidogo tu, ya kulowanisha kitambaa au ya kunywa, si yote mawili. Akayanywa. Aliyanywa amesimama, na aliona haya ingawa hakukuwa na mtu wa kumwona.

Kando ya barabara palikuwa na mkorosho wenye kivuli kizuri. Akaiegemeza baiskeli kwenye shina, akajinyoosha chini apumzike kidogo tu. Wewe unajua kidogo tu ya mtu aliyechoka inavyokuwa. Alipofumbua macho kivuli kilikuwa kimehama. Baiskeli yote ilikuwa juani, na gunia lilikuwa la moto hata kuligusa.

Alifungua mzigo haraka. Kitambaa kilikuwa kikavu. Vikonyo vya juu vilikuwa vimenywea, ngozi yake imejikunja. Hafidha alikaa chini akalia, kwanza kwa ajili ya vikonyo, halafu kwa ajili ya miguu yake, maana kurudi hakuweza na kwenda mbele hakuona faida.

Ndipo akatazama juu. Mkorosho uleule uliompa kivuli ulikuwa umejaa vitawi laini, unene uleule, urefu uleule. Chini yake zilitapakaa korosho ndogondogo, zile ambazo huko kwao huwa hawazipeleki hata ghalani. Aliziona. Hakuweza kusema baadaye kwamba hakuziona. Akatoa kisu kwenye mfuko wake wa nguo, akakata mpaka vikatimia mia moja na ishirini, akayapunguza majani, akavifunga vizuri kama babu alivyofunga. Vile vya babu alitaka kuvitupa, lakini mkono ulikataa. Akavifunga ndani ya khanga, akavisukumia chini kabisa ndani ya mfuko wake.

Alifika Mbekenyera kabla ya magharibi akiwa hajiwezi. Shangazi Mwanabibi alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha, akamkanda miguu kwa maji ya moto.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole, pole sana. Umekuja peke yako njia yote ile?" Akaufungua mzigo, uso ukamng'aa. "Tazama vilivyo vibichi."

Hapohapo akampigia babu simu, akaweka sauti ya juu ili na Hafidha asikie. "Baba, mjukuu wako kafika. Vikonyo kama vimekatwa sasa hivi."

"Huyo ndiye mjukuu wangu," ilijibu sauti ya babu. "Mwambie ale ashibe."

Kilikuwapo kisamvu cha nazi, chakula ambacho Hafidha hakuwahi kukikataa. Siku hiyo kilimshinda. Shangazi alikuwa akiongea peke yake kwa furaha. Mungu akipenda, alisema, mwaka wa tatu watakuwa wanaokota korosho zao wenyewe. Mwaka wa tatu. Hafidha alipiga hesabu. Kabla ya hapo hakuna atakayejua, na wakati huo nani atakumbuka vikonyo vilikuja siku gani na vililetwa na nani? Fikra hiyo ilipaswa kumpa nafuu, lakini ilimzidishia uchovu.

Asubuhi alikuja Fundi Severini, mtu mrefu wa maneno machache, na kisu chake kilichonolewa mpaka kimekonda. Alikalia kigoda mbele ya viriba, akachukua kikonyo cha kwanza, akakigeuza. Akachukua cha pili. Akanusa cha tatu.

"Dada Mwanabibi," alisema, "mzee mzima huko nyumbani?"

"Goti tu linamsumbua. Kwani kuna nini?"

"Haya majani yamekatwa jana. Kovu bado linatoa maji. Mzee Swalehe ninayemjua mimi huanza siku kumi kabla." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Ndiyo uzee. Mikono inakumbuka, kichwa kinasahau. Tutabebesha hivihivi, lakini vingi havitashika. Mwakani usimsumbue tena mzee, tafuta kwingine."

Shangazi alishusha macho. Hafidha aliona jinsi alivyoona aibu kwa ajili ya baba yake. Babu, ambaye kwa siku kumi alichechemea kwenda mtini kila asubuhi, ndiye leo anaitwa msahaulifu. Hilo Hafidha hakuliweza.

"Babu hajasahau kitu," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi aseme tena. "Babu hajasahau. Hivi si vyake. Nilivikata mimi njiani."

Akaeleza yote: bomba aliloliruka, maji aliyoyanywa, usingizi, jua, na mti wa watu wenye korosho ndogo. Alipomaliza akaenda kuleta khanga, akaiweka miguuni pa fundi. Shangazi alikaa chini kwenye mchanga, akaitazama miche yake.

"Ningengoja miaka mitatu, Hafidha," alisema hatimaye. "Ningepalilia, ningemwagilia, ningelala shambani kulinda moto. Miaka mitatu, kwa ajili ya mti usiofaa."

Hafidha alilia tu, kilio cha kimyakimya.

Fundi yeye alikuwa ameshaifungua khanga. Akashika kikonyo kimoja, akakikwangua ngozi kwa ncha ya kisu. Chini yake palikuwa pa kahawia. Akakitupa. Akakwangua kingine, akamwonyesha Hafidha. "Hapa unaona rangi gani?"

"Kijani."

"Basi bado kiko hai. Lete maji, viweke kivulini. Tuvipime vyote."

Walivipima kimoja kimoja. Vilivyokuwa katikati ya mzigo vilikuwa vimehimili, na vilivyo hai vilipatikana sitini na saba. Fundi alivibebesha siku hiyohiyo, Hafidha akimshikia nailoni. Miche hamsini na mitatu ikabaki mitupu.

"Jumanne napita tena hapa," Fundi Severini alisema akifuta kisu. "Baada ya hapo miche itakuwa migumu, siwezi kukusaidieni."

Wote wawili walimtazama Hafidha. Miguu yake ilikuwa bado inauma kutoka kiunoni mpaka kwenye vidole.

"Nitaleta vingine," alisema.

Jumamosi alirudi kwa babu. Vilima vilikuwa vilevile, hakuna hata kimoja kilichopungua. Kwenye ule mkorosho wa kando ya barabara alimkuta mama mmoja, Bi Hadija, anaokota. Hafidha alishuka, akasalimia, akamwambia kwamba juzi alikata vitawi vyake bila ruhusa.

Bi Hadija aliacha kuokota. "Vya mti huu? Mwanangu, mwenyewe nautafutia shoka. Haujawahi kunizalia cha maana." Alicheka, kisha akaacha. "Lakini nyumba yangu ile pale. Ungebisha hodi ningekupa maji, na mzigo wako ungelala ndani."

Maneno hayo Hafidha alikwenda nayo njia nzima. Nyumbani alimweleza babu kila kitu kabla hajavua viatu. Babu alimsikiliza mpaka mwisho, akalikanda goti lake.

"Mimi nami nilikosea," alisema. "Lita tano kwa njia ile ni chache. Jumatatu utabeba madumu mawili." Kisha akaongeza, "Lakini siku ile kwenye simu nilijisifia mjukuu. Nilijisifia bure."

Hayo yalimuuma Hafidha kuliko vilima vyote.

Jumatatu aliondoka tena alfajiri na vikonyo hamsini na vitatu, vile vilivyokuwa vimeachwa mtini. Alisimama kwenye bomba, akapanga foleni kama watu wote, akalowanisha kitambaa. Jua lilipokaza alibisha hodi kwa Bi Hadija, mzigo ukalala ndani, naye akalala ukumbini. Kisha akaendelea, anapanda na kushuka, anasukuma baiskeli na kusukumwa na mteremko, hana nguvu ya kuimba wala ya kuwaza.

Aliingia uani kwa shangazi kwa kuyumba. Shangazi alikuja mbio kumpokea, lakini Hafidha aliinua mkono kwanza.

"Shangazi, nilianguka kwenye mteremko. Vikonyo vinne vimevunjika. Vimebaki arobaini na tisa."

Shangazi alimtazama. Vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope, na goti moja lilikuwa limechubuka. Hakuugusa mzigo, hakuufungua kuhakikisha. Aliishika baiskeli, akaiegemeza ukutani.

"Basi miche minne tutaing'oa," alisema. "Kuchoka si kosa, Hafidha. Kuanguka si kosa, na kikonyo kukauka si kosa, maana vyote hivyo ukiniambia leo, leo tunatafuta njia. Uongo ndio ungenipotezea miaka mitatu, na usingeweza kunirudishia hata siku moja. Umeelewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

"Haya, njoo ule. Kisha nampigia babu yako."

Akapiga akiwa amesimama palepale, sauti ameiweka juu. "Baba, vimefika arobaini na tisa. Vinne vimevunjika."

"Nani kakwambia vimevunjika?" aliuliza babu.

"Mwenyewe. Kabla hata hajanisalimia."

"Huyo sasa," babu alisema, "ndiye mjukuu wangu."

Hafidha alikuwa ameshaketi chini, mgongo ukutani, bakuli la kisamvu mapajani, na safari hii alikuwa anakula.