Kiungo Kilichokataa Kushika

Walikutana langoni mwa kiwanda, zamu zikibadilishana, watu wamejaa kama siafu. Binti wa gauni la manjano, nywele zimelowa mafuta ya waridi, akamkanyaga Fundi Gundi.

"Samahani, kaka!"

"Kanyaga tu, dada. Mguu wenyewe ulikuwa umekaa bure."

Fundi aliunga mabawa ya ndege kwa gundi, vipande vyeusi vya nyuzi za kaboni. Ilisemekana angeweza kubandika kivuli ukutani, mwenyewe akaenda zake akakiacha. Glavu hakutaka, eti vidole ndivyo vinavyoona.

Binti, kumbe, alikuwa mpimaji mpya: kazi yake kuvuta kwa mashine vipande vilivyoungwa na mafundi, mpaka viungo vikatike. Huyu anaunga, huyu anavunja, na bado penzi likakolea. Kila mchana alimlalia begani uani, naye Fundi akimpapasa nywele, harufu ya waridi ikimwinua juu ya mapaa. Alirudi mezani miguu bado haijagusa sakafu.

Ndipo viungo vyake vilipoanza kuachia, kimoja baada ya kingine. Msimamizi akamwambia wazi: kikiachia kingine, meza ya gundi utaisikia kwa wenzako.

Jioni simu ya Fundi ikalia.

"Mpenzi, umekula?"

"Nile nini? Hukuona hata kimoja cha kukihurumia?"

"Ndege ikidondoka, nayo nitaihurumia?"

"Basi tafuta fundi mwingine!" Akakata.

Wakanuniana. Ajabu, katika siku za kununa viungo vikashika kama kupe. Kaboni ilichanika, gundi ikabaki pale pale. Wenzake wakacheka: "Kumbe mapenzi yalikuwa yanakuloga!" Fundi hakucheka. Meza ilikuwa imepona, moyo ndio ulioachia.

Mara binti akaingia na kipande alichokivunja zamani. Akakidondoshea maji. Yakajikunja matone matone, yakakimbiana.

"Pakiwa safi maji hutandaa. Hapa pana mafuta."

"Nilisugua, nikapangusa!"

"Kisha ukapashika kwa mikono iliyotoka wapi?"

Fundi akanusa vidole. Akanusa nywele za binti. Akatazama chini.

"Nisamehe, mama. Sasa niache gundi au niache nywele?"

"Usiache kitu. Nawa mikono, mume wangu."

"Umesemaje?"

"Nimesema nawa mikono."

"Na lile lingine?"

"Nitalirudia ukishanawa."

Alinawa, jamani, mpaka mabomba ya kiwanda kizima yakakauka, na msimamizi akatoka mbio kuuliza ni nani anayeoga kazini.