Pini ya Katikati

Adhuhuri, katikati ya jangwa, kifuniko cha rejeta kilifyatuka na mvuke ukamchoma fundi umeme macho yote mawili. Injini ilipopoa, haikuwaka tena. Dereva wa pikapu ile, aliyemwoa dada yake fundi, alikuta rilei, kile kidude kinachoipelekea pampu ya petroli umeme, imeungua na soketi yake imeyeyuka. Rilei mpya ilikuwamo sandukuni.

"Shemeji, usiangalie sura yake," alisema fundi, kitambaa kimefungwa machoni. "Kila pini ina namba. Zisome ndipo uunge waya."

"Nimesoma."

Hakusoma. Ya zamani ilikuwa na pini tano, mpya tano, mpangilio ule ule; mtu aliyeendesha miaka ishirini afundishwe kusoma na kipofu wa saa moja? Akaunga kila waya mahali pake pa awali. Injini ikazungushwa, ikakohoa, ikakataa.

Siku mbili upepo ulirusha mchanga. Kila baada ya jaribio dereva alichomoa waya wa betri ili isiishe. Maji yalikuwa dumu moja: kikombe kwa kila mtu, asubuhi na jioni. Siku ya pili kikombe cha fundi kikawa nusu. Fundi alikunywa, akalamba ukingo, akashukuru. Dereva alijiambia kwamba mtu aliyelala hahitaji maji kama mtu anayefanya kazi, naye mwenyewe alikuwa ameshinda amelala.

Alfajiri ya tatu upepo ulikoma. Dereva alipounga betri, fundi, aliyejilaza kando ya tangi la petroli, midomo imepasuka, aliinua kichwa.

"Umewasha swichi?"

"Bado. Ufunguo uko mfukoni."

"Mbona pampu inavuma? Haya, washa."

Pampu ikanyamaza.

"Isiyoamriwa inafanya kazi, ikiamriwa inalala," alisema fundi. "Soma pini ya katikati, shemeji. Kwa sauti."

Dereva alipangusa mchanga kwa kidole. "Themanini na saba... na a."

"Hiyo hupeleka umeme rilei ikiwa imepumzika; ukiwasha swichi, inaukata. Pampu inataka themanini na saba tupu. Ile ya zamani ilikuwa nazo mbili, na moja ilikaa hapo katikati. Ndiyo maana nilikuambia usome. Na maji je? Mkono wangu unajua uzito wa kikombe kilichojaa."

Dereva alihamisha waya. Maji yaliyosalia wakainywesha rejeta, hata tone lisibaki la kulowesha ulimi. Betri ilikuwa na pumzi moja tu, injini ikawaka.

Walikwenda hadi alasiri, fundi akigonga paji la uso dirishani kila tairi lilipoingia shimoni, mpaka wakafika kambi ya wajenzi wa barabara. Wajenzi walimtangulizia fundi kikombe, kwa kuwa ndiye majeruhi. Akakisukuma kwa ncha za vidole.

"Mpeni shemeji kwanza," alisema. "Mimi amenizoesha."

Watu wote wakamgeukia dereva. Alikunywa, maana kiu haina haya, na hakuna aliyeondoa macho kwake mpaka kikombe kilipokauka.