Walioagwa Wakarudi

Mama Generoza alikuwa anachagua mchele, mjukuu wake Melania amelala mapajani pake, aliposikia Melania anabisha hodi mlangoni.

"Hodi, bibi."

Akatazama mlango. Akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa usingizini, mdomo wazi, jasho la mchana linamtoka. Nje palikuwa na jua na kuku, basi. Lakini ilikuja harufu ya chokaa, ile iliyokuwa ikimwagwa kwenye makaburi ya waliokufa kwa kipindupindu, na mama wa watu akaogopa, kwa sababu alijua kosa limetoka wapi.

Kosa lilikuwa lao wenyewe. Binti yake, Klara, aliolewa Burundi na fundi cherehani aitwaye Damian, na mwaka ule wa 1978 walikuja likizo kwake Ushirombo, wamwonyeshe mtoto kwa ndugu. Kipindupindu kikawakuta ugenini. Kilikwisha vuka nchi nyingi, sasa kilikuwa kwa wachimbaji dhahabu wa Nyarugusu, na watu walinong'ona kwamba mpaka utafungwa wakati wowote. Damian akasema likizo imetosha. Mama Generoza akawaaga kama wazee wake walivyoaga: akajaza maji mdomoni, akawapulizia vifuani, akasema, "Nendeni, njia iwapokee." Kumbe lori lilikuja na mtu anatapika juu ya magunia. Klara akakataa katakata kupanda. Wakarudi nyumbani jioni, wanacheka kwa aibu.

Katika ukoo ule hilo si jambo la kuchekea. Aliyeagwa huondoka. Lori likimkosa atalala kwa jirani, lakini kizingiti kile hakikanyagi tena. Njia imekwisha ambiwa ipokee watu. Isipowapata huja yenyewe kuwatafuta.

Kesho yake baada ya ile hodi, sauti ilikuwa imeshaingia ndani. Ilicheka stoo, ikaomba maji jikoni, ikamwita Klara kutoka chumba kisicho na mtu, tena kwa deko lilelile la Melania, hata Klara akawa anaitika kabla hajakumbuka kwamba Melania yuko uani kwa baba yake, na kila alipoitika ile harufu ya chokaa ilizidi.

"Mama Melania, tuondoke leo," Damian alimwambia mkewe kutoka uani, maana mama mkwe alikuwa ndani na mkwe hamkaribii ovyo.

"Mtoto akiambukizwa njiani je? Yule mtu wa kwenye lori ulimwona."

"Na tukibaki? Mpaka ukifungwa, tutakaa humu na hicho kitu?"

Klara akaanza kulia. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na hakujua kifo kipi kiko karibu naye zaidi, cha nyumbani au cha barabarani.

Ndipo alipoitwa Limi, mganga mfupi, mkali, asiyependa kubembelezwa. Alinusa hewa, akakataa kiti.

"Hili ni jini la njia," alisema kwa sauti ya chini. "Linadai safari liliyoahidiwa. Ondokeni leo. Njia ikipata watu wake, litatoka nyuma yenu lipotelee porini. Lakini msiagane. Msiitane majina. Na wewe Klara, ukishambeba mtoto mgongoni usimtazame hadi mvuke mpaka."

"Hata akilia, mayo?" Klara aliuliza, akimwita mganga mama kwa heshima.

"Hata akilia."

Alasiri lori likapiga honi. Damian alitangulia barabarani na mizigo. Chumbani madirisha yalikuwa yamefungwa kuzuia harufu, kiza kimetanda, na Klara, aliyekwisha kuambiwa asiite na asitazame, alipiga magoti akakipa mgongo kitanda alipomlaza Melania, kama afanyavyo kila siku, akangoja mpaka mikono midogo ikamzunguka shingo, naye akafunga kanga upesi, akatoka mbio bila kugeuka.

Mama Generoza alisimama mlangoni amefumba mdomo. Pengine hatawaona tena, na hata "salama" hakuruhusiwa kusema. Iliuma, jamani.

Lori likaondoka. Vumbi halijatua, harufu ya chokaa ikakatika.

"Limekwenda," alisema Limi, akajitwisha kapu lake na kushika njia ya kwao.

Mama Generoza akacheka huku analia. Akamshukuru Mungu, akamshukuru Bikira Maria, halafu akamshukuru na Limi, kwa mpangilio huohuo. Kisha akaingia chumbani kufungua madirisha.

Kitu kikasogea chini ya kitanda. Melania akatambaa kutoka kule alikokuwa amejificha, vumbi usoni.

"Bibi," alinong'ona, "mama ameondoka na nani?"